Tineja wa miaka 29: kwa nini wanafunzi wa kwenye sizoni wana ndevu

Mitihani imepita, boom halijaingia, na watu wamejifungia rumu wanaangalia sizoni. Ukipita koridoni jioni, kila mlango unasikia wanafunzi wa sekondari wa Marekani wakilia, wakigombana au wakiachana. Sasa mimi kama mtu wa History nimeona hili jambo lisipite hivi hivi. Kuna swali moja dogo ambalo kila mtu ameshaliuliza kwa utani: hivi hawa "wanafunzi" mbona wana ndevu? Mbona mtoto wa fomu tatu ana kifua cha bondia na ngozi ya tangazo la sabuni?

Utani una historia yake, tena ndefu, na ndani yake kuna sheria, biashara na woga wa wazazi. Chukueni chai, tuanze.

Kwanza tuelewane kuhusu huyu tineja mwenyewe. Kwa jamii nyingi za kwetu mtu alikuwa mtoto, akapita jandoni au unyagoni, akatoka mtu mzima. Palikuwa na mlango, ukiuvuka umevuka. Hii habari ya kukaa miaka saba katikati, si mtoto si mtu mzima, ni jambo ambalo shule na mshahara wa mzazi vimelitengeneza. Mwaka 1904 mwanasaikolojia wa Marekani, G. Stanley Hall, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu umri huo, akauelezea kama kipindi cha dhoruba na misukosuko. Wengi waliokuja baadaye walimpinga, wakasema si kila kijana duniani anapitia dhoruba hiyo. Lakini picha ilikuwa imeshabandikwa ukutani: kijana ni mtu wa hasira, machozi na fujo.

Halafu neno lenyewe, kwa maana ya kundi la watu lenye jina lake, lilienea Marekani kwenye miaka ya 1940. Na nani walilishabikia? Wafanyabiashara. Baada ya Vita vya Pili kijana wa Marekani alikuwa na hela mfukoni na hana familia ya kulisha. Kwa hiyo tineja kwenye vyombo vya habari alizaliwa na sura mbili kwa pamoja, yaani tatizo la kuogopwa na mteja wa kubembelezwa. Shikeni hizo sura mbili, maana zitatufuata mpaka mwisho.

Mwaka 1955 ilitoka filamu ya Rebel Without a Cause. Wote pale ni wanafunzi wa shule moja. Lakini James Dean alikuwa na miaka 24, wakati Natalie Wood na Sal Mineo walikuwa na 16 wakati inapigwa. Runinga nayo ikafuata mkondo. Mwaka 1959 kituo cha CBS kilianzisha The Many Loves of Dobie Gillis, moja ya vipindi vya mwanzo kabisa vya Marekani ambamo tineja ndiye mhusika mkuu badala ya kuwa mtoto wa mhusika mkuu. Dobie ni mwanafunzi wa sekondari. Dwayne Hickman aliyemwigiza alikuwa na miaka 25. Wahenga walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Ni wazi hawakuwahi kufika Hollywood.

Sasa hapa ndipo historia inaponoga. Wengi tunadhani watu wazima wanapewa nafasi za watoto kwa sababu maprodyuza wanapenda sura nzuri. Ni kweli, lakini nusu tu. Nusu nyingine ni sheria, tena sheria nzuri.

Kulikuwa na mtoto anaitwa Jackie Coogan. Mwaka 1921, akiwa na miaka 6, alionekana na Charlie Chaplin kwenye filamu ya The Kid na dunia nzima ikampenda. Aliingiza mamilioni ya dola kabla hajaota ndevu. Alipokuwa mtu mzima na kuulizia hela zake, akakuta mama yake na baba wa kambo wameshazitumia. Akawashitaki mwaka 1938, akaambulia kama dola 126,000 tu. Watu wakapiga kelele, na mwaka 1939 jimbo la California likapitisha sheria ya kulinda mapato ya watoto waigizaji, ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Pamoja nayo kukawa na kanuni za kazi zinazobana masaa. Kwa kanuni za California, kijana wa miaka 16 au 17 siku ya shule hafanyi kazi zaidi ya masaa 6, na lazima apate masaa 3 ya masomo na muda wa kupumzika. Mtoto mdogo zaidi masaa yake ni machache zaidi.

Hebu piga hesabu kama wewe ndiye prodyuza. Una kamera umekodi, taa umekodi, watu wa sauti wanataka posho, jua linazama. Mwenye miaka 16 anakwambia masaa yake yameisha, anaenda kusoma hesabu na mwalimu wake. Mwenye miaka 24 anaweza kukaa seti mpaka usiku. Utamchukua nani? Ndiyo hivyo. Sheria iliyowekwa kumlinda mtoto ikawa pia sababu ya mtoto kupungua kwenye skrini. Sisemi sheria ni mbaya, la hasha, Coogan aliibiwa kweli. Ninachosema ni kwamba nafasi ya yule mtoto haikubaki wazi. Akaletwa mtu mzima, akavalishwa begi la shule, na sisi tukaambiwa huyu ndiye kijana wa miaka 16.

Mfano wa kufungia kazi ni Beverly Hills, 90210. Ilianza tarehe 4 Oktoba 1990 kwenye kituo cha Fox, ikabuniwa na Darren Star chini ya prodyuza Aaron Spelling. Siku hiyo ya kwanza darasa lile lilikuwa hivi: Tori Spelling na Brian Austin Green miaka 17, Jennie Garth 18, Shannen Doherty 19, Jason Priestley 21, Luke Perry 23, Ian Ziering 26. Na yule mhariri wa gazeti la shule, Andrea, aliigizwa na Gabrielle Carteris mwenye miaka 29. Mwenyewe amesimulia kwamba hakuwaambia umri wake wakati anaomba nafasi. Jamani, miaka 29! Kati yake na Tori kuna miaka 12 na wanakaa shule moja kama rika moja. Kwetu huyo angeitwa mama mdogo.

Msidhani 90210 ilikuwa kitu cha ovyo. Kabla yake shida ya kijana kwenye runinga ilikuwa kitu cha kutatuliwa na baba sebuleni ndani ya nusu saa. 90210 ilimwacha kijana awe na shida inayovuka wiki, mapenzi, pombe, ujauzito, mzazi mlevi. Lakini angalieni kilichotokea Mei 1991. Brenda, mhusika wa Shannen Doherty, alilala na mpenzi wake usiku wa dansi ya shule na asubuhi yake hakuonyesha majuto. Malalamiko yakamiminika. Star amesimulia kwamba tatizo hasa halikuwa kile alichofanya, lilikuwa kwamba alikuwa na furaha. Msimu wa pili ulipoanza Brenda akapewa hofu ya ujauzito, akajuta, akaachana na mwenzake. Mvulana yeye hakuandikiwa adhabu ya namna hiyo. Kumbe pale mezani kwa waandishi mtu wa tatu alikuwa amekaa, naye ni woga wa wazazi. Mwili wa mtu mzima unauza kipindi, halafu adhabu ya mtoto inawatuliza wazazi. Msichana yule mmoja anabeba vyote viwili.

Sasa kuna watu walijaribu njia nyingine, na hawa ndio ninaowaheshimu zaidi.

Uingereza, tarehe 8 Februari 1978, BBC ilionyesha mara ya kwanza Grange Hill, iliyobuniwa na Phil Redmond. Shule ya kawaida ya serikali London, watoto wa kawaida wanaotoroka, wanaoonewa, wanaoiba dukani. Todd Carty aliyekuwa Tucker alikuwa na miaka 14. Wazazi walilalamika kwamba kipindi kinafundisha utovu wa nidhamu. Mwaka 1986 kipindi hicho kikamwonyesha mwanafunzi anaitwa Zammo akiangamia na heroini. Hapakuwa na mwamuziki wa roki wala jambazi, ni yule mtoto mchangamfu watazamaji waliyekuwa wamekua naye. Kipindi kilidumu miaka 30, mpaka 2008.

Kanada, mwalimu wa Toronto anaitwa Linda Schuyler pamoja na Kit Hood walianza mwaka 1979 na filamu fupi za watoto wa mtaa wa Degrassi. Mwaka 1987 ikaja Degrassi Junior High. Wao waliamua kabisa kwamba mwanafunzi wa miaka 14 ataigizwa na mtoto wa umri huo au karibu nao, chunusi zake ziachwe, meno yake yaachwe. Na masaa je? Walikusanya kundi kubwa la watoto na kuwazungusha, wiki hii hadithi ya huyu, wiki ijayo ya yule, hivyo mzigo haukumwelemea mmoja. Ukiwa na nia njia ipo, ila lazima ukubali kwamba hutakuwa na staa mmoja wa kubandika kwenye kila bango.

Uzuri wa Degrassi ni kwamba muda ulikuwa muda kweli. Mwaka 1987 msichana anaitwa Spike, miaka 14, alipata ujauzito. Kesho yake hakutoweka kwenye hadithi, akazaa, akabaki na mtoto, maisha yakawa magumu lakini hayakuisha. Na mwaka 2001 walipoanzisha Degrassi: The Next Generation, yule mtoto wa Spike, Emma, ndiye akawa mwanafunzi mpya. Yaani tineja wa juzi ni mzazi wa leo, na bado ni mtu yule yule. Kwa wale mashabiki wa muziki, kwenye kundi hilo la 2001 kulikuwa na mvulana wa miaka 14 anaitwa Aubrey Graham. Leo mnamwita Drake.

Marekani nako kulikuwa na jaribio moja la maana. Agosti 1994 kituo cha ABC kilianza My So-Called Life, iliyobuniwa na Winnie Holzman. Claire Danes alikuwa na miaka 15 akiigiza msichana wa miaka 15. Na tazameni sheria ilivyofanya kazi safari hii. Kwa kuwa Claire hangeweza kukaa seti kutwa nzima, waandishi walilazimika kuwapa wazazi wake nafasi kubwa zaidi kwenye hadithi. Matokeo yake mama na baba wakawa watu, wana ndoa yenye nyufa, wana ndoto walizoziacha, wana woga. Kile kilichoonekana kikwazo kikaleta kipindi ambamo kila rika lina akili. Januari 1995 Claire akachukua tuzo ya Golden Globe. Mwezi huo huo kipindi kikafika mwisho baada ya episodi 19 tu, watazamaji walikuwa wachache. Wafanyabiashara hawana subira.

Hapa niseme kitu ambacho huwa tunakisahau tukilaumu sura za vijana kwenye runinga. Wazazi nao wanachafuliwa. Kwenye sizoni nyingi za vijana mzazi ni wa aina tatu tu: hayupo, mjinga, au mlevi. Bibi na babu ndio kabisa, wanaletwa ili wafe na kuwaliza watu. Ukimfanya kijana kuwa mtu mzima asiye na kodi ya kulipa, lazima umfanye mtu mzima kuwa kitu fulani kisicho na kazi. Rika moja likipotoshwa na majirani zake wanapinda.

Mwaka 1998 Dawson's Creek ilikuja na upotoshaji wa aina nyingine. James Van Der Beek alikuwa na 20 akiigiza miaka 15, hilo tumeshalizoea. Kipya kilikuwa mdomo. Watoto wale walizungumza kama watu wanaotetea tasnifu, kila hisia inachambuliwa kwa sentensi ndefu. Ni sifa, ukitaka, lakini bado ni kumkosa kijana halisi, maana kijana halisi mara nyingi shida yake ni kwamba maneno hayaji.

Sasa je, tukiweka umri sahihi tumemaliza kazi? Hapana, na ushahidi ni Skins ya Uingereza. Ilianza Januari 2007 kwenye kituo cha E4, ikabuniwa na Bryan Elsley na mwanae Jamie Brittain, na waandishi wengi walikuwa vijana wadogo. Nicholas Hoult alikuwa na 17, Dev Patel 16, Kaya Scodelario 14. Kila baada ya misimu miwili wahusika walihitimu na kundi jipya likaletwa, hakuna kung'ang'ania ujana. Safi kabisa. Lakini kijana aliyeonyeshwa mle, hasa kwenye matangazo yake, ni yule yule wa Hall wa 1904: dhoruba, vidonge, pati, fujo. Umri ulikuwa wa kweli na lebo ikabaki ya zamani. MTV walipoleta toleo la Marekani Januari 2011, vikundi vya wazazi vilikuja juu, wadhamini kama Taco Bell wakaondoa matangazo yao, na kipindi kikafa baada ya episodi 10. Mteja na tatizo, zile sura mbili, ziligombana hadharani.

Na huku kwetu? Novemba 2009 ilianza Shuga, tamthilia ya MTV iliyopigwa Nairobi kuhusu vijana na virusi vya UKIMWI. Mmoja wa wahusika alikuwa Lupita Nyong'o, wakati huo akiwa na miaka 26. Lakini wale hawakujificha kwenye sare ya shule, waliigiza vijana wa mjini wanaojua kinachowapata, na kipindi kiliongea nao kuhusu kupima, kuhusu mapenzi ya hela, bila kuwageuza shetani. Nadhani tofauti iko kwenye swali ambalo waandishi waliliuliza kabla ya kushika kalamu. Kuuliza "vijana wanatisha kiasi gani" kunazaa tamthilia moja, na kuuliza "vijana wanahitaji kujua nini" kunazaa nyingine kabisa.

Wengine mtasema, wewe nawe, hii ni burudani tu, nani anadhurika? Nina majibu mawili.

La kwanza ni la kioo. Msichana wa fomu mbili anayejilinganisha na mwanafunzi mwenzake wa kwenye TV anajilinganisha na mwanamke wa miaka 25 aliyepakwa poda na mtaalamu. Mvulana wa miaka 15 mwenye sauti inayokatika anajilinganisha na mwanaume aliyemaliza kukua zamani. Wote wawili wataona wamechelewa, wakati hawajachelewa popote.

La pili ni zito zaidi, naomba mlisome taratibu. Macho yanafundishwa. Ukiangalia miaka kumi na tano mtu wa miaka 25 akiitwa 16, macho yako yanajifunza kwamba 16 ndiyo ile. Halafu unaenda mtaani, unakutana na binti mrefu kidogo, na mtu anasema "huyu keshakuwa mkubwa huyu". Mmesikia hiyo kauli mara ngapi? Nchini kwetu Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na 15 kwa ridhaa ya mzazi, wakati mvulana ni 18. Mpaka Rebeca Gyumi akaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2016 ikaamuliwa kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na uamuzi huo. Sisemi sizoni za Marekani ndizo zilizoandika sheria ya 1971, hiyo itakuwa historia ya kubumba. Nasema hivi: kule ambako tayari kuna watu wanaopima utoto wa msichana kwa macho, picha inayoyadanganya macho si kitu cha kuchekea tu.

Machi 2025 Netflix ilitoa Adolescence, tamthilia ya Uingereza ya Jack Thorne na Stephen Graham, episodi nne, kila moja imepigwa kwa mkupuo mmoja bila kukata kamera. Mtuhumiwa wa mauaji ni mvulana wa miaka 13. Owen Cooper aliyemwigiza alikuwa na 14 wakati wanapiga. Episodi ya kwanza polisi wanavunja mlango alfajiri, wanamkuta kitandani, anajikojolea kwa woga. Hapo ndipo unaelewa kwa nini umri ni muhimu. Angekuwa mtu wa miaka 25 pale kitandani tungeona jambazi. Tukaona mtoto, na swali likawa gumu zaidi: mtoto huyu amefikaje hapa, na sisi wakubwa tulikuwa wapi? Septemba 2025 Owen akachukua tuzo ya Emmy akiwa na miaka 15, mwanaume mdogo kuliko wote kushinda tuzo ya uigizaji pale. Serikali ya Uingereza iliunga mkono ionyeshwe bure kwenye shule za sekondari. Kwa hiyo ile hoja ya kwamba mtoto halisi hauziki, naona imeshachoka.

Na kwa wanaopenda mambo ya kuzunguka: Luke Perry, yule mwanafunzi wa miaka 23 wa mwaka 1990, aliporudi kwenye tamthilia ya vijana mwaka 2017, Riverdale, alikuja kama baba wa mwanafunzi, mpaka alipofariki mwaka 2019. Kumbe moshi wa ujana hata Hollywood unaisha, ila wanachelewa kukiri.

Kwa hiyo mkifungua sizoni leo usiku, fanyeni jaribio dogo. Tafuteni mwaka aliozaliwa kila "mwanafunzi", toeni kwenye mwaka wa kipindi, muone. Halafu muangalie mzazi wake amepewa sentensi ngapi zenye akili. Mtajua haraka kama mnaangalia vijana au mnaangalia wanachokitaka wauza sabuni. Mwenye mfano wa tamthilia ya Kibongo iliyompa mtoto wa miaka 15 nafasi ya kuwa na miaka 15 aniambie, nitaitafuta popote ilipo.

Haya, tupo pamoja. Na boom likiingia msisahau kulipa madeni ya chipsi.